Mchoro Wangu, Ufunguo Wao

Ilikuwa siku ya 31 tangu nianze kujaribu bure programu moja ya kuchorea vipuri kwa kompyuta. Nakumbuka kwa sababu usiku wake mvua ya masika ilinyesha bila kupumua, na huku kwetu Ngamiani, Tanga, maji yalikuwa yamefika vizingitini. Mzee mwenye karakana alivuka barabara suruali imekunjwa magotini, mkononi ameshika hauzingi iliyopasuka, ile nyumba ya chuma inayoshika beringi, ameizungushia gunia. Ilitoka kwenye mashine ya brashi, ile ya kusugua nyuzi, ya shamba moja la mkonge, njia ya Korogwe. Wiki moja nyuma nilikuwa nimeichora hauzingi hiyo hiyo: beringi namba 6210, shimo milimita 50, kipenyo cha nje 90, unene 20, miguu minne ya bolti. Alichotaka ni kidogo. Niongeze unene wa mguu uliopasuka, nimchapie karatasi, aende akakereze kwenye lethi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nifungulie ule mchoro, watu wamesimamisha mashine."

Nikawasha kompyuta. Programu ikafunguka hadi kwenye kioo cha mwanzo, ikaniambia siku zangu 30 za majaribio zimekwisha, na chini yake kukawa na kitufe cha kununua. Faili nililiona pale, na jina nililolitunga mwenyewe. Halikufunguka. Mzee aliinama akatazama kioo kwa muda, akavua miwani.

"Mchoro huu si ulichora wewe?"

"Mimi, mzee."

"Sasa waomba ruhusa kwa nani?"

Siku ile nilipima upya kwa venia, nikachora kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, na hauzingi ikakerezwa kabla ya magharibi. Kazi haikulala. Lakini swali la mzee limekaa nami miaka kadhaa sasa, na nimelisomea kama mtu anayesomea mtihani, kwa sababu mimi naishi kwa kuchora. Vijana wawili niliowafundisha nao wanaishi kwa kuchora. Mtu anayetegemea jembe lazima ajue mpini ni wa nani.

Jibu la kwanza nililolipata ni la kisheria, na lilinishtua. Tunaposema tumenunua programu, mara nyingi hatujanunua kitu. Tumepewa ruhusa ya kutumia. Marekani kulikuwa na kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2010, Vernor dhidi ya Autodesk. Muuzaji mmoja wa vitu vilivyotumika alipata nakala halali za AutoCAD, programu ya kuchorea ya kampuni ya Autodesk, kutoka ofisi ya wasanifu majengo iliyokuwa imezitumia, akaziweka eBay kuziuza. Mahakama ikasema ofisi ile haikuwa mmiliki wa nakala zile, ilikuwa na leseni tu, kwa hiyo hakukuwa na cha kuuza. Miaka miwili baadaye, 2012, mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya katika kesi ya UsedSoft na Oracle ilikwenda njia nyingine: leseni isiyo na mwisho iliyolipiwa mara moja ni sawa na mauzo, na aliyenunua aweza kumuuzia mwingine. Programu ni zilezile. Ukivuka bahari, maana ya neno "kununua" inabadilika.

Zamani angalau ulishika kitu mkononi. AutoCAD ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Las Vegas Novemba 1982, bei yake ikiwa kama dola 1,000, wakati mitambo mikubwa ya kuchorea ilikuwa ikigharimu makumi ya maelfu ya dola na kujaza chumba. Zilikuwa fedha nyingi, lakini mchoraji mmoja mwenye kompyuta ndogo aliweza kuota. Mwaka 1995 ikaja SolidWorks kwa upande wa michoro ya pande tatu, dola 3,995, ikikimbia kwenye Windows ya kawaida, ilhali washindani wake walihitaji mashine maalumu na malipo mara kadhaa ya hayo. Hadithi zote mbili ni za bei. Ustadi wa programu ulikuwepo, ndiyo, lakini kilichofungua mlango ni kwamba mtu wa karakana ndogo aliweza kuhesabu na hesabu ikakubali. Ulilipa, ukapewa diski na namba, na miaka kumi baadaye, kama kompyuta haijafa, mchoro wako ulifunguka.

Mambo yakageuka. Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zake nyingi zinazouzwa mojamoja tarehe 31 Januari 2016, na za vifurushi Julai mwaka huo huo. Tangu hapo ni kulipa kwa mwezi, kwa mwaka au kwa miaka mitatu. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa mwendo wake.

Nimejitahidi kuwaelewa. Kampuni inayouza leseni mara moja hulazimika kila mwaka kubuni sababu ya mteja kununua toleo jipya, na mwaka ambao watu hawakununua, mishahara ya waandishi wa programu hutetemeka. Malipo ya kila mwaka huwapa mapato yasiyoruka. Kwa mteja pia kuna nafuu yake: badala ya kutoa mamilioni siku moja, unaanza kwa kiasi kidogo, na masahihisho yanakuja bila kudaiwa zaidi. Hoja hizi ni za kweli na sizibezi.

Shida yangu iko kwenye kalenda. AutoCAD kamili kwa mwaka ni dola 2,000 na zaidi kidogo. Ofisi ambayo mwenyewe hulipwa kila mwezi hulibeba hilo kama inavyobeba kodi ya pango. Huku kwetu kazi huja kwa msimu. Shamba la mkonge hutuletea vipuri baada ya marobota kuuzwa na fedha kuingia. Wenye mashine za kukamua juisi huja msimu wa machungwa ya Muheza. Katikati kuna miezi ambayo nachora geti la mtu na ngazi ya msikiti, kazi ambazo ningeweza kuzifanya kwa rula. Na dola nayo haikai mahali pamoja. Kiasi nilichokiweka akiba kwa shilingi mwezi wa kwanza, nilipokwenda kulipa kilikuwa hakitoshi, bila mimi kuongeza wala kupunguza chochote.

Kibaya zaidi, mwaka ukikatika, hukosi toleo jipya peke yake. Programu haikufungulii tena hata michoro uliyochora ulipokuwa unalipa. Hapo ndipo swali la mzee linauma. Nilidhani nalipia chombo, kumbe sehemu kubwa ya malipo yangu ilikuwa ni ya kuruhusiwa kurudi kwenye kazi yangu ya jana.

Turudi kwenye zile siku 30, maana ndizo mlango wanaopitia wengi. Programu nyingi kubwa zimekuwa zikitoa toleo la majaribio la siku 30, likiwa na kila kitu, bila kubaniwa. Watu hulisifia hilo, na mimi nililisifia. Sasa tazama siku zinavyokwenda mahali kama hapa. Kupakua peke yake ni gigabaiti kadhaa. Bando linakwisha, unasubiri usiku, unajaribu tena. Zimekwenda siku tatu. Wiki ya kwanza unajifunza vitufe viko wapi. Wiki ya pili unachora vitu vya mazoezi. Wiki ya tatu inakuja kazi ya kweli, kwa sababu kazi za kweli haziji kwa sababu wewe umeanza majaribio, zinakuja zinapokuja. Unajipa moyo, unaichora humo. Mteja anafurahi, anataka marekebisho. Siku zinahesabiwa kwa kalenda, si kwa saa ulizotumia, kwa hiyo Ijumaa na siku za umeme kukatika zimo. Saa inapogonga, jambo la kwanza la thamani ulilowahi kufanya ndani ya programu ile ndiyo kwanza lina siku kumi.

Siamini kuna mtu alikaa akapanga hivyo kumnasa mchoraji wa Tanga. Lakini matokeo ni yale yale: jaribio hukupa muda wa kutosha kuingia, halikupi muda wa kujaribu kutoka. Sisi watu wa mji huu tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo, tunamwambia mgeni anayedhani atapita tu. Mgeni wa Tanga hukaa kwa kupenda, kwa madafu na upepo wa Raskazone. Mchoraji hukaa kwa sababu mafaili yake yako ndani.

Kuna aina nyingine ya bure, ile isiyo na saa, nayo ina bei yake ambayo haiandikwi kwa dola. Onshape, programu ya kuchorea ya mtandaoni ambayo waanzilishi wake ni pamoja na mtu yule yule aliyeanzisha SolidWorks, Jon Hirschtick, ina mpango wa bure, lakini michoro yako huwa wazi kwa dunia nzima na si ya biashara. Kwa mwanafunzi hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mtu aliyepewa kipuri na kiwanda akaambiwa asikionyeshe, haiwezekani. Fusion ya Autodesk, ile ya matumizi binafsi, ni bure pia, ila tangu Oktoba 2020 unaruhusiwa nyaraka 10 tu zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Nyingine unazifanya za kusoma, ukitaka moja irudi unaifunga nyingine. Nilimwona kijana wangu mmoja akikaa kila asubuhi kuchagua mchoro upi uamke na upi ulale. Anachora vizuri, mpole, halalamiki. Niliumia kumtazama.

Wanafunzi nao hupewa bure, mwaka kwa mwaka, na baadhi ya kampuni hizi ni wakarimu sana kwao. Kijana anatoka chuoni mkono wake umezoea programu moja kama mshoni alivyozoea cherehani yake. Siku anayohitimu, bure inakwisha, na mwajiri wa kwanza ni mimi, ninayepaswa kumnunulia. Naona jinsi biashara hii ilivyopangwa, na sina neno baya juu ya mwanafunzi kupewa kitu. Ningependa tu walimu wawape miezi miwili kwenye programu nyingine, ili mkono ujue kwamba mstari ni mstari.

Nimewahi kujaribu kununua kwa njia yao, kikamilifu, kwa risiti. Programu nyingi za mitambo hazikuonyeshi bei. Kuna sehemu imeandikwa wasiliana nasi. Nikawasiliana. Wakala mmoja wa Dar es Salaam, simtaji, alinipigia siku iliyofuata, sauti nzuri, adabu kamili. Akaniuliza tuko wangapi ofisini, tunatengeneza nini, wateja wetu ni akina nani, bajeti ya mwaka ni ngapi, nani anaamua. Nilipouliza bei akasema inategemea. Ukienda soko la Mgandini kununua kanga, nako bei inategemea, lakini kanga umeishika, mwenye duka la pili yuko hatua tatu, na wote wawili mnajua bei ya jana. Mimi kwenye simu ile nilikuwa peke yangu nikijibu maswali.

Ilikuja profoma baada ya wiki mbili. Kulikuwa na leseni, kulikuwa na malipo ya matunzo ya mwaka, yaani ya kupata matoleo mapya na msaada, kulikuwa na mafunzo, na VAT asilimia 18 juu yake. Nikasema siwezi. Mwisho wa mwezi wa tatu akanipigia, akasema kuna punguzo kubwa, lakini lazima nisaini kabla ya Ijumaa. Baadaye niliambiwa na mtu aliyewahi kufanya kazi hizo kwamba wauzaji wengi hupimwa kwa robo ya mwaka. Ijumaa niliyopewa ilikuwa ya hesabu zake. Tangu hapo nikihitaji kuuliza bei nauliza wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa au wa kumi na mbili, na nawaambia hivyo vijana waziwazi. Si ujanja, ni kujua maji yanajaa saa ngapi kabla ya kusukuma ngalawa.

Niseme na haki ya mawakala. Kuna dada mmoja wa kampuni nyingine alikuja na basi la asubuhi, akakaa siku mbili kwenye kile chumba chetu chenye feni moja, akawafundisha vijana kukunjua bati: unachora boksi lililokunjwa, programu inakupa umbo bapa la kukata. Hatukununua. Hakununa. Alichotufundisha tunakitumia hadi leo. Mtu kama huyo ndiye sababu programu hizi bado huuzwa na watu badala ya mashine, na kama ningekuwa na fedha ningezipeleka kwake.

Jambo moja la matunzo ya mwaka wengi hawalijui mpaka liwafike. Kwa miaka mingi faili la SolidWorks lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halikuweza kufunguliwa na kuhaririwa kikamilifu kwenye toleo la nyuma. Mteja wako mkubwa akipanda toleo, nawe unapanda au unaacha kupokea michoro yake. Ni toleo la 2024 lililoanza kuruhusu kuhifadhi hadi matoleo mawili nyuma, na hata hapo lazima uwe umelipia matunzo. Bei haipandishwi na muuzaji peke yake. Huletwa pia na jirani aliyenunua.

Kuhusu kraki, zile programu zilizovunjwa kufuli ya leseni, nitasema wazi. Nimetumia, miaka ya mwanzo, kwa flashi iliyozunguka mji mzima. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda kitabu. Niliacha kwa sababu mbili. Ya kwanza, kampuni moja ilitaka kunipa kazi nzuri, ikaomba uthibitisho wa leseni, nikakosa cha kuonyesha na kazi ikaenda. Ya pili, kuna mtu alichukua mchoro wangu wa kinu akauza kama wake, nikamfuata nikiwa nimekasirika, na njiani nikakumbuka kilichomo kwenye kompyuta yangu. Nikageuza baiskeli.

Basi nafanyaje sasa? Sianzi majaribio mpaka kazi ya kweli iwe mezani. Napakua kabla, nasakinisha, lakini sibonyezi kuanza. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kujifunza chochote kizuri, nachora hauzingi ile ya 6210, naihamisha kwenda aina za faili ambazo programu nyingine husoma, STEP kwa umbo, DXF kwa mistari na PDF kwa karatasi, kisha naifungua kwenye FreeCAD, programu ya bure. Napima shimo la hauzingi, pale beringi ya kipenyo cha 90 inapokaa. Likiwa 90, naendelea. STEP hubeba umbo tu. Historia ya jinsi ulivyochora, ule mti wa hatua unaokuwezesha kubadilisha unene mmoja na vingine vikafuata, hubaki nyuma. Kwa hiyo naandika vipimo vyote kwenye mchoro wa karatasi kama tulivyofundishwa zamani, ili mtu yeyote aweze kuujenga upya. Nikiitiwa maonyesho ya muuzaji simwachi aonyeshe gari lake la mbio. Namwomba achore kipuri changu, mbele yangu, na akihamishe nje.

FreeCAD yenyewe ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024 baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kazi ya watu wanaojitolea. Ina ugumu wake, na kuna siku kijana wangu ameiacha akaenda kunywa maji kwanza. Lakini vipuri vya brashi tunachora humo vyote sasa. Kwa michoro bapa ya DWG, aina ya faili la AutoCAD, wapo wanaouza bado leseni ya kudumu, BricsCAD ya Ubelgiji ni mfano mmoja. Na kazi ikitaka kabisa programu kubwa, nalipa kwa mwezi. Ukilipa mwezi mmoja mmoja kwa miezi 12, jumla inapita mbali malipo ya mwaka. Mimi miezi yangu mizito ni mitano, na kwa mitano hesabu inakuwa upande wangu. Autodesk ina pia tokeni zinazokatwa kwa siku unayofungua programu, hata ukifungua dakika kumi, na huisha baada ya mwaka. Hiyo iko karibu zaidi na maisha ya msimu, kama una nidhamu ya kukusanya kazi za siku tatu ukazifanya siku moja.

Mwaka jana mzee alinipeleka nyuma ya karakana yake, kwenye kabati la chuma lililokuwa la shamba la mkonge alilofanyia kazi ujanani. Akavuta droo. Ndani mlikuwa na michoro ya mashine ya korona, ile inayomenya jani na kuacha nyuzi, kwenye karatasi ya kupenyeza mwanga, kingo zimeliwa na mende, vipimo vya inchi, mwandiko wa mtu ambaye hakumjua. Akautandaza mmoja juu ya meza ya lethi, akaushikilia kwa bolti nne pembeni. Tukasoma pengo kati ya visu na bamba.

Nilikuwa nimemletea hauzingi mpya, A3, imechapwa kutoka FreeCAD. Akaipima macho, akatoa penseli sikioni, akaongeza milimita mbili kwenye mguu wa kushoto na kuandika tarehe kando yake. Kisha akaikunja mara mbili na kuiweka kwenye droo ile ile, juu ya zile za inchi, akaisukuma ndani kwa goti.